Muiruri na Kesi ya Mkorino

Mimi naitwa Tabby, na nitaanza kwa kusema hivi: kama kuna mtu amewahi kukuambia wanaume wa huku Mau Narok hawana mapenzi, amekudanganya. Wanayo mengi sana. Shida ni kile wanachokipenda. Wengine wanapenda ng'ombe, wengine siasa, na wangu, Muiruri, baba ya Nyakio, anapenda magunia.

Sisemi kuyauza. Sisemi kuyabeba pia, maana mgongo wake ulikataa zamani. Kazi yake ni kuyajaza viazi na kuyashona mdomo. Huku kwetu ukivuna waru, ndivyo tunaita viazi, broka anakuja na lori, na pamoja na broka wanakuja watu wa kujaza. Wanajaza gunia mpaka juu kabisa, halafu badala ya kulishona pale linapoishia, wanachukua kipande cha neti, wanakishikanisha na mdomo wa gunia kwa kamba, na wanaendelea kupanga viazi, kimoja baada ya kingine, mpaka gunia linaota kichwa kingine juu ya kile cha kwanza. Hicho kichwa ndicho kinaitwa mkorino, kwa sababu kinafanana na kile kilemba cha ndugu zetu wa kanisa la Akorino. Broka analipa gunia moja na kuondoka na karibu mawili. Mkulima anabaki akiangalia vumbi la lori. Serikali nayo ikasema imetosha, gunia la viazi lisizidi kilo hamsini, lishonwe flati, bila kichwa juu, na atakayepatikana na mkorino apelekwe kortini.

Sasa, mkulima ni mimi. Waru ni zangu. Na siku ya kuvuna, ni nani anakuja na neti yake na sindano yake ndefu kunishonea mkorino kwa niaba ya broka? Bwana yangu wa ndoa. Nimewahi kumwuliza, "Baba Nyakio, huoni unaniibia mchana, nikiwa nimesimama hapa?" Akanijibu bila kuinua macho, "Tabby, usilete mambo ya nyumbani kazini."

Na kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Mikorino ya watu wengine inalala upande kabla lori halijafika barabara ya lami. Ya Muiruri inafika Nakuru imesimama vile ilivyotoka. Akimaliza moja anarudi nyuma, anainamisha kichwa upande, anaitazama, anatabasamu. Hajawahi kunitazama mimi namna hiyo, hata siku ya harusi, na siku hiyo nilikuwa nimependeza.

Basi ikawa Ijumaa moja lori lilisimamishwa na polisi kwenye barabara ya kushuka Njoro. Broka alikuwa ndani ya gari ndogo mbele, akaona kwenye kioo mambo yameharibika, akakanyaga mafuta. Dereva alishuka kana kwamba anakagua gurudumu, akaingia kwenye shamba la ngano na hakutoka. Muiruri alikuwa juu ya mzigo, maana yeye hupenda kusindikiza magunia yake ajue yamefika salama. Mtu mwenye akili zake angeshuka upande wa pili akimbie. Yeye alibaki amelikumbatia gunia moja lililokuwa limeanza kuegemea.

Afande aliyepanda kuangalia anaitwa Kimaiyo, kijana mrefu mpole. Akauliza, "Mzee, ni nani ameshona haya magunia?"

Fikiria tu. Umekamatwa barabarani, mtu wa serikali anakuuliza ni nani amefanya makosa. Muiruri akajua anasifiwa. Akasema, "Ni mimi," na nasikia alisema akicheka.

Wakamshusha. Magunia mengine yakafunguliwa na kujazwa upya, lakini moja likabaki kuwa kielelezo cha korti. Walichagua lile refu kuliko yote, na Muiruri mwenyewe ndiye aliyewasaidia kuchagua. Na ile sindano yake wakachukua.

Stesheni alikopelekwa jina lake naliacha, na korti pia naiacha, mimi bado nakaa kaunti hii. Ukikamatwa Ijumaa jioni, korti utaiona Jumatatu, hiyo hata mtoto anajua. Nikampelekea sweta na chai kwenye thamosi. Akaja kwenye dirisha la seli, mimi najua ataniuliza niko aje, nimekula nini. Akauliza, "Gunia wameliweka wapi? Lisiegemezwe ukuta wenye unyevu."

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira ya kupasua kuni. Lakini nilipofika pale ndani, nisikufiche, nililia. Nyakio, binti yetu wa pekee, aliolewa Kuresoi, na tangu aende, ile nyumba ni mimi na huyo mtu. Yeye ndiye ananiudhi asubuhi na yeye ndiye ananiudhi jioni. Faini yenyewe niliyosikia inatajwa hatungeiweza hata tukiuza paa la nyumba, kwa hivyo kwetu sisi hesabu ilikuwa moja tu: Muiruri akipatikana na makosa, anaenda jela. Sasa akienda jela nitaudhiwa na nani? Na Mau Narok kuna baridi ya kukausha mate mdomoni. Nililala na sweta mbili na soksi zake, na sikupata joto.

Jumatatu tukajaa kortini. Nilikuja na Zeddy, kijana tunayepakana naye shamba, ambaye pia ni mshonaji wa magunia, mwanafunzi wa Muiruri. Karani akasoma mashtaka kwa Kiingereza, halafu akayageuza Kiswahili: kwamba wewe Muiruri, siku fulani, mahali fulani, ulipatikana na viazi vimefungashwa kinyume cha sheria. "Ni kweli ama si kweli?"

Muiruri alikuwa kizimbani na shati lenye vumbi la waru. Akafikiria. Akasema, "Ni kweli, lakini kuna magunia mawili ya nyuma hayakuwa yangu. Hayo yalishonwa na Zeddy, ndiyo maana yalikuwa yamelegea. Nisichanganywe nayo."

Zeddy, aliyekuwa ameketi karibu nami, akateremka kwenye benchi mpaka nikabaki nikiona kofia peke yake.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, sura ya mtu ambaye ameshasikia kila kitu na bado hajapata kiamsha kinywa. Akasema, "Mzee, ukikubali halafu uweke lakini, mimi siwezi kuandika umekubali. Naandika umekana mashtaka." Na mambo ya Zeddy akayapita kama hakuyasikia, Mungu ambariki. Akasema Muiruri anaweza kwenda nyumbani kwa bondi akipata mdhamini mmoja, mtu wa kuhakikisha atarudi kortini kila akiitwa. Kabla sijafungua mdomo Zeddy alikuwa amesimama anatoa logibuku, hati ya pikipiki yake, iwe dhamana. Nafikiri alitaka Muiruri atoke pale kizimbani kabla hajataja mtu mwingine.

Kutoka siku hiyo Zeddy akawa kama mke wa pili. Kila kukicha yuko langoni, pikipiki inanguruma. "Mathe, niaje? Mzee yuko?"

"Yuko. Atakuwa ameenda wapi?"

"Nimwone tu."

Muiruri anatoa kichwa dirishani, Zeddy anamwona, anaenda zake. Siku moja Muiruri alikuwa chooni na akachelewa kutoka, huyo kijana akakaa nje ya mlango wa choo akiimba nyimbo za kanisa mpaka mlango ukafunguliwa.

Mimi nilidhani kesi ni kama hospitali, unaingia unatibiwa unatoka. Kumbe kesi ni kama kungoja mvua. Tunavaa nguo za kanisa, tunashuka, tunaambiwa leo ni siku ya kutajwa tu, kesi haisikizwi, rudini mwezi ujao. Tukirudi, hakimu yuko semina. Tukirudi tena, faili imeenda ofisi nyingine kuangaliwa na imependa huko. Tukirudi tena, shahidi, yule Kimaiyo, amehamishwa kaskazini mbali na barua ya kumwita haijamfikia. Nilimaliza rangi ya viatu. Na kila nikirudi nyumbani na Muiruri kando yangu nasema asante Yesu, mwezi mwingine huu, na papo hapo naanza kuhesabia ule unaokuja. Hiyo ndiyo sehemu mbaya. Hufungwi, na hauko huru. Nilikuwa nikimpakulia chakula namwongezea nyama, kisha nakasirika kwa nini nimemwongezea.

Mwenyewe alikuwa hana habari. Wasiwasi wake ulikuwa gunia. Sasa waru zetu ni aina ya shangi, na shangi haina subira hata kidogo, ukiilaza siku chache tu inaanza kutoa macho. Kortini wanaahirisha, huko stoo ya stesheni waru zinaota. Mwezi uliofuata zikawa na mikono. Halafu zikaanza kuoza, na harufu ikatoka stoo ikaenda mpaka meza ya kuandikisha ripoti. Watu walikuwa wakija kushtaki majirani wanashika pua. Afande wa stoo akaomba korti imwondolee kile kitu. Korti ikasema ombi liandikwe vizuri, litasikizwa siku ya kutajwa. Siku hiyo hakimu alikuwa semina.

Kwa hivyo afande akafanya vile mtu yeyote angefanya. Akafungua mkorino, akatoa zilizooza akatupa, na gunia likapungua. Wiki nyingine akatoa tena. Wengine wanasema kulikuwa pia na nzuri zilizotoka na kuelekea jikoni, mimi sikuona, na sisemi. Halafu alipomaliza akashona mdomo mwenyewe, kwa kamba ya viatu.

Muiruri alipata kulichungulia siku moja kupitia dirisha la stoo. Alirudi nyumbani akakataa kula.

"Ni nini?" nikamwuliza.

"Wamemlaza."

"Wamemlaza nani?"

"Gunia," akasema, na akageukia ukuta.

Wakili hatukuwa naye, kwa hivyo mawakili wakawa Zeddy na mimi. Ushauri wangu ulikuwa mfupi: funga mdomo. Zeddy naye alikuwa ameketi kortini siku nyingi kwa ajili ya ile logibuku mpaka akajiona amesomea. Akamketisha mzee jikoni kwangu, akamwambia, "Sikiza, mzee. Shahidi akimaliza kuongea, hakimu atakuuliza kama uko na swali. Hapo ndio watu hushindia. Wewe kazi yako ni moja, mshike na uongo. Uongo moja tu. Ukimshika na uongo moja, kesi imeanguka, tunaenda home."

"Uongo wowote?" Muiruri akauliza.

"Wowote."

Ningekuwa na akili ningewafukuza wote wawili na mwiko. Lakini nilikuwa napika ugali na nikasikia kama ni maneno ya maana.

Hatimaye siku ya kusikizwa ikafika kweli. Kimaiyo alikuwa amekuja, amechomwa na jua la huko kaskazini. Akaapa, akaeleza vizuri bila kuongeza chumvi: tulisimamisha lori, tukakuta magunia yamezidi kipimo, tukamkamata huyu mzee. Hakimu akamwuliza kama walipima.

"Hatukuwa na mizani barabarani, Mheshimiwa. Tuliangalia kwa macho."

"Na maneno mshtakiwa aliyokwambia pale barabarani?"

Kimaiyo akaanza kuyasema, hakimu akainua kalamu akamzuia. Akasema mtu akikiri barabarani mbele ya afande, hayo hayahesabiki kama ushahidi, sheria inataka akiri mbele ya mkubwa zaidi, kwa utaratibu wake. Nikamfinya Zeddy kwa furaha. Basi kikabaki kielelezo. Gunia likaletwa.

Sijui niseme nini juu ya gunia lile. Liliingia likiburutwa na askari wawili, na nyuma likaacha mstari wa mchanga. Lilikuwa limejikunja katikati kama mlevi aliyeketishwa. Machipukizi yalikuwa yametoboa neti, marefu, meupe, yakitikisika. Ile kamba ya viatu ilikuwa imefungwa fundo juu. Mtu wa kilimo akaleta mizani ya kuning'iniza, wakalining'iniza, akasoma kwa sauti. Halikufika hamsini. Halikukaribia hata.

Kiongozi wa mashtaka akaangalia mizani, akaangalia dari, akaangalia saa. Hakimu akavua miwani na kusema kwamba hapa mbele yake anaona gunia halali kabisa, na kama hakuna kingine, haoni mshtakiwa atajibu nini. Nilishaona tukipanda juu nyumbani, nilishaona moto kwenye jiko, nilishamsamehe hata mikorino ya shambani kwangu. Kilichobaki kilikuwa utaratibu tu.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Nikatikisa kichwa. Hapana. Nikatikisa mpaka kitambaa kikateleza. Kando yangu Zeddy anamwinulia mzee kidole cha gumba.

Muiruri akashika ukingo wa kizimba. "Niko na swali. Afande, siku ulinikamata, mkorino wa hii gunia ulikuwa umefika wapi?"

"Ulikuwa juu," Kimaiyo akasema.

"Juu wapi? Onyesha korti."

Kimaiyo, maskini, akasimama kando ya gunia akaweka mkono karibu na kiuno. "Kama hapa hivi."

Muiruri akamgeukia hakimu uso umeng'aa kama wa mtoto aliyepata peremende. "Mheshimiwa, huyu ni mwongo. Ulikuwa unanifika mimi hapa," na akaweka kiganja chini ya kidevu.

Nikasikia Zeddy akisema pole pole, "Woi."

"Mzee," hakimu akasema, "unajua hapo unajitetea ama unajishtaki?"

"Naitetea kazi yangu, Mheshimiwa. Na niko na swali lingine. Afande, hii kamba ni mimi niliweka?"

"Hapana, mzee. Hiyo iliwekwa stesheni."

"Na mimi nilishona na nini?"

"Na neti na kamba ya katani. Mara mbili mbili."

"Mara tatu. Andikeni huyo amedanganya tena."

Akarudi kukaa akiwa mtu aliyeshinda kesi. Kiongozi wa mashtaka, ambaye alikuwa ameshaanza kufunga faili, aliifungua tena.

Hakimu akasema maswali si ushahidi, lakini kwa vile shahidi mwenyewe ameonyesha gunia lilikuwa kubwa kuliko hili, na amekubali liliguswa stesheni, Muiruri ana kesi ya kujibu. Akamweleza taratibu kabisa kwamba anaweza kujitetea kwa kiapo, au bila kiapo, au anyamaze tu na asilaumiwe kwa kunyamaza. Alilirudia neno kunyamaza. Alilisema akiniangalia mimi, nafikiri kwa sababu nilikuwa nimeshika mikono kama mtu anayeomba.

"Nitaapa," Muiruri akasema. "Nataka iaminike."

Akaapa. Kisha akafundisha korti yote jinsi ya kushona mkorino. Vile unachagua kubwa za kukaa nje na ndogo za kujaza katikati. Vile unavuta neti ukipumua nje. Akaomba arudishiwe sindano yake dakika kidogo aonyeshe kwa vitendo, akanyimwa. Askari wa mlango alikuwa ameacha mlango amekuja kusikiza. Alipomaliza, kiongozi wa mashtaka alikuwa na swali moja peke yake.

"Kwa hivyo ni wewe ulishona?"

"Sasa ni nani mwingine angeweza?"

Siku ya hukumu akapatikana na makosa. Ilichukua muda mfupi sana, baada ya miezi yote ile. Hakimu akasema kwa vile ni kosa la kwanza, kabla ya kutoa adhabu anataka ripoti ya afisa wa probesheni, na nikarudi nyumbani na mume aliyeshapatikana na hatia lakini bado anakula githeri jikoni kwangu.

Afisa alikuja mpaka kwetu, mwanamke kijana wa mjini anaitwa Ladan, mwenye heshima, amevaa viatu vyepesi ambavyo Mau Narok haikuvihurumia. Nikampa blanketi na chai ya tangawizi. Muiruri nilimtuma kuchota maji. Akauliza maswali yake: anakunywa pombe? Anapiga mtu? Anasaidia nyumbani?

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hanywi na hapigi. Nikamwambia ni mbishi, anakoroma, ananishonea mkorino kwenye shamba langu mwenyewe, na ameharibu kesi ambayo ilikuwa imeshakufa, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Niliongea mpaka chai yake ikapoa.

Ladan akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Mama, sasa nisaidie. Unataka niandike akae ndani ama akae nje?"

Nikataka kumjibu na maneno makali. Nikaangalia njia ya maji, bado hajarudi. "Nataka akae hapa," nikasema. "Niandikie hivyo. Andika hata mara mbili." Akanirudishia blanketi yangu mwenyewe kwenye mabega.

Siku ya adhabu tukaamka mapema, tukapiga viatu rangi. Zeddy alikuwa ameketi akiwaza pikipiki yake. Hakimu akasoma ripoti, akasoma sheria, akasema jela inawezekana na yeye anayo mamlaka, lakini anaona heri kifungo cha nje. Muiruri atakuwa akienda sokoni kila asubuhi, chini ya chifu, ashone magunia ya wakulima bila malipo, flati, kilo hamsini, na awafundishe washonaji wengine kufanya hivyo hivyo. Jioni atakuwa anarudi kwake. Kisha akasema kwamba kifungo cha nje hakilazimishwi mtu, lazima akubali mwenyewe.

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Zeddy akashika kichwa akacheka peke yake. Ilikuwa imeisha.

"Mshtakiwa, unakubali?"

Muiruri akakohoa. "Mheshimiwa, na hiyo jela, ni muda gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nalinganisha."

Watu wakacheka mpaka askari akagonga meza. Yeye hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamemlegea. "Flati inashonwa na mtu yeyote, Mheshimiwa. Sokoni kila mtu ananijua. Wakulima, mabroka, hata watoto wananiita Fundi. Nikisimama pale nikishona flati kama mtu ameanza kazi jana, hiyo ni aibu siwezi. Afadhali uniweke ndani, mahali hawanioni."

Sijui niliinuka saa ngapi. Nakumbuka benchi likilia nyuma yangu.

"Muiruri, kaa chini."

"Mama, wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Ni mimi nitafungwa akienda huko, Mheshimiwa. Yeye ndani atapata watu. Ataongea nao magunia asubuhi mpaka jioni, na watamsikiza kwa sababu hawana pa kwenda. Mimi nitarudi kwa nyumba haina mtu. Nimengoja kesi hii mwaka mzima nikimwangalia akilala nisije nikasahau vile analala. Kama ni aibu ya gunia na mimi, achague. Lakini achague akiniangalia."

Nilijua nitafukuzwa. Askari alikuwa ameanza kuja. Hakimu akamwonyesha mkono, arudi mlangoni.

Muiruri akageuka. Kwa miezi yote ile, naapa, sijui kama alikuwa amewahi kufikiria kwamba kuna mtu mwingine kwenye kesi hii. Nilimwona akifikiria sasa. Ilikuwa inaingia polepole, na ilikuwa inauma ikiingia. Mikono yake, ambayo haijui kukaa bure, ikawa inasugua ukingo wa kizimba.

"Nakubali," akasema, sauti ndogo ambayo sikuwa ninaijua. "Ila mwandike ni kwa sababu ya huyu mama. Si kwa sababu ya kilo hamsini."

Hakimu akavaa miwani akaandika kitu. Sijui kama aliandika hayo kweli au alikuwa anaandika tarehe tu. Mimi nilikuwa nimeshaketi, na Zeddy alikuwa ananishikia mkoba.